Honi ya Feri ni Yangu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Naanza daftari hili leo, Siku ya Mashujaa hapa kwetu, na naapa kuandika kila kitu kama kilivyotokea, hata yale yatakayoniaibisha. Sidhani yatakuwa mengi.

Mimi ni Madinah, kidato cha pili, mwenyekiti wa Chama cha Wapenzi wa Meli, Arua. Tuko wawili. Mwenzangu ni Ritah, katibu. Ana mwandiko mzuri na hasemi uongo. Nilimchagua kwa sababu ya mwandiko. Hilo la pili nilichelewa kulijua.

Leo saa kumi na mbili jioni tumeaga meli ya kitalii yenye ghorofa kumi na sita, ikiondoka Uingereza. Tumeagia juu ya Arua Hill, nyuma ya maofisi, maana huko ndiko simu ya Anti Jamilah inapata mtandao. Kwenye ramani ya simu, meli ni mshale mdogo wa buluu. Mshale ulipoanza kusogea tukasimama wima. Ritah akasoma historia ya bandari. Mimi nikapuliza filimbi mara tatu. Mlinzi wa pale akaja kuuliza tunamuaga nani. Nikasema, meli. Akatazama barabarani. Akatazama mbinguni. Akasema, "Meli iko wapi, mutoto?" Nikamwonyesha mshale. Akasema hiyo iko kidogo sana, hata kuku hawezi panda.

Naandika jambo moja hapa na halitatoka hapa. Sijawahi kuona meli. Wala mashua. Mwenyekiti! Ritah angalau aliwahi kuona mtumbwi, tena juu ya lori.

Jumatano, 11 Juni

Habari kubwa! Mwalimu Alionzi, wa historia, ametangaza kwamba Jumamosi ya tarehe 21 atawapeleka wapenzi wa meli mtoni Nile. Tutatazama feri ikiondoka, na kila chama kitasimulia historia ya meli za mvuke zilizopita mtoni zamani, zile zilizobeba askari na mizigo. Mwanafunzi atakayekuwa na historia bora atapanda kwenye chumba cha nahodha na kuvuta honi feri ikiondoka saa nane mchana.

Kuvuta honi! Nilishika dawati kwa mikono miwili.

Kisha akaongeza kwamba amewaalika na wapenzi wa meli wa Koboko, wilaya jirani. Kwa nini watu wazuri huongeza mambo? Mwenyekiti wa Koboko ni Sharifah, binamu yangu. Ana wanachama kumi na mmoja na fulana za rangi moja. Kila fulana ina nanga. Nanga imechorwa kichwa chini. Sijamwambia na sitamwambia.

Nilipofika nyumbani nikamweleza Anti Jamilah kuhusu honi. Akasema hapa kwetu tuna mawe na vumbi, nisomee uuguzi kama wenzangu. Nikamjibu kwamba chuo cha mabaharia hakiulizi kama una bahari nyuma ya nyumba. Akasema labda ni kwa sababu hakuna mtu wa Arua aliyewahi kwenda kuwauliza. Sikuikubali hoja hiyo. Jibu litakuwa honi. Nikiivuta kwa mkono wangu, nani atanieleza tena kwamba meli si mambo yetu?

Alhamisi, 12 Juni

Nimeanza kazi. Haboba, bibi yangu ninayeishi naye hapa mtaa wa Oli, ndiye anayejua habari za wazee wetu Wanubi waliokuja na jeshi kutoka Sudan. Nikamkalisha. Yaani, alikuwa tayari ameketi, akichekecha unga.

Amesema babu yake, Farajallah, alikuwa mkata kuni wa meli ya mvuke. Meli zile zilikula kuni kuliko jiko la harusi. Farajallah alipanda meli mara moja tu katika maisha yake. Akatapika kwenye viatu vya ofisa mkubwa, akateremshwa. Tangu siku hiyo akawa anatembea ukingoni na shoka lake. Meli ikinasa kwenye mafunjo, yeye anapita zake. Ikifika kituo kinachofuata, inamkuta Farajallah amekwisha kata kuni, amekunywa chai, na anawauliza walikuwa wapi.

Nikamsikiliza kwa heshima. Kisha nikapendekeza kwamba tungeweza kusema alikuwa nahodha.

Haboba akasimamisha chekeche. "Ya bineya," akasema, na hilo kwa Kinubi ni "wewe msichana", tena linasemwa kwa namna mbili na hii haikuwa ile nzuri. "Unataka kumpandisha cheo marehemu?"

Nikasema kidogo tu.

Akasema hata huko aliko, ukimpandisha melini atatapika.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeandika historia yetu, kurasa nne. "Maisha ya Nahodha Farajallah, Simba wa Mto." Nimempa ndevu, darubini na dhoruba mbili.

Ritah amekataa kuinakili. Amesema kwenye kumbukumbu za chama imeandikwa mkata kuni. Nikamweleza kwamba historia inahitaji kupigwa pasi kidogo ili ivalike. Akasema yeye anaijua pasi, na pasi haigeuzi kanga kuwa koti. Nimeinakili mwenyewe. Mwandiko wangu unapanda mlima.

Jioni ukaja ujumbe wa sauti kutoka Koboko kwenye simu ya Anti. Sharifah! Anasema kwa sauti ya sukari kwamba anatusalimu, anatuonea huruma, na historia yao itahusu babu mkuu wake, Farajallah, Amiri wa Meli Zote za Mto Nile.

Farajallah wangu! Ni kweli bibi yake na Haboba ni dada wa tumbo moja, kwa hiyo babu ni wetu sote. Lakini amiri? Wa meli zote? Mimi nilijizuia. Nilimfanya nahodha wa meli moja na nikaishia hapo. Msichana yule hana haya hata kidogo.

Jumatatu, 16 Juni

Nimefikiri katika vipindi vinne vya masomo na mapumziko yote. Tukienda na babu mmoja mwenye vyeo viwili, Mwalimu atashtuka. Mimi sitamshusha cheo. Sharifah hatamshusha. Basi njia ni nyingine. Kwani nani mwenye honi? Si Mwalimu. Ni nahodha wa feri! Nimemuuliza dereva wa gari la shule, nahodha huyo anaitwa Sule. Nahodha akinipenda, nani atamkatalia?

Mpango umenijia katika hesabu, kwa hiyo nusu ya hesabu sinayo.

Nyumbani kwetu tuna desturi. Haboba aliipata kwa mama yake. Msafiri haondoki kabla hajauma kipande cha gurusa, mkate wetu laini wa kukaangwa kwenye bamba la chuma. Anauma kidogo. Kilichobaki kinafunikwa na kuwekwa juu ya kabati, na hakuna mtu anayekigusa mpaka msafiri arudi akimalize mwenyewe. Hivyo lazima arudi. Kipande cha Anti Jamilah kilikaa miezi mitatu alipokwenda Kampala, na aliporudi alikimaliza, ingawa ilibidi kitumike kisu.

Nahodha husafiri kila siku. Je, amewahi kuagwa hivyo? Hajawahi. Nitamfuata na gurusa ya moto ya Haboba. Haitakuwa hongo. Itakuwa utamaduni.

Jumatano, 18 Juni

Haboba amekubali kupika. Aliuliza wanasafiri wangapi. Nikasema mmoja, lakini mkubwa. Akauliza kama ana safari au ana njaa. Nikasema vyote. Akasema atapika ishirini, kwa sababu watoto wa shule wataona njaa njiani. Sikumrekebisha.

Ijumaa, 20 Juni

Nimefanya mazoezi ya kulia. Abiria wa meli kubwa huagwa kwa machozi, nimeona kwenye simu. Nimejaribu kitunguu. Ritah akapita akauliza kama ni majonzi au ni mchuzi. Nimempuuza. Kesho atajivunia kunijua.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika yote. Niliapa.

Tulifika saa tatu asubuhi. Gari liliposhuka kilima cha mwisho, mto ukaonekana, mpana, wa kijani, unaenda bila haraka. Na hapo ukingoni, feri. Ni bamba kubwa la chuma lenye kutu, mlango wake umelazwa kwenye mchanga kama ulimi, na juu kuna kijumba cha nahodha chenye ngazi. Ilikuwa inanguruma. Mchanga ulitetemeka mpaka miguuni kwangu. Nilisahau Sharifah. Nilisahau gurusa. Ilikuwa kubwa kuliko mshale! Ritah akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema ni vumbi.

Wa Koboko walikuwa wamefika, kumi na mmoja, nanga kumi na moja kichwa chini. Sharifah akanikumbatia na kusema anaona chama chetu kimekuja chote kwenye kiti kimoja. Nikasema fulana zao ni nzuri, mabaharia wa kweli watazitambua mara moja. Akashukuru!

Mwalimu akakusanya historia zetu zilizoandikwa, akasema atazisoma mpaka mchana. Mimi nikapanda ngazi.

Nahodha Sule ni mtu mnene, mpole, mwenye kofia ya sufu kwenye jua lile. Nikamweleza desturi. Akaguswa sana. Akasema katika miaka kumi na miwili hakuna aliyemuaga, wanamgombeza tu. Akauma gurusa. Akafumba macho. Nikakifunika kipande kilichobaki, nikashuka, na feri ikaondoka.

Nililia vizuri. Nilipunga kitambaa. Ritah alisoma kuhusu meli za mvuke, nikapuliza filimbi mara tatu, wa Koboko wakapiga saluti. Mama mmoja muuza samaki akaacha beseni lake, akaja akanishika bega, akauliza nani amekufa. Nikasema hakuna, chombo kinaondoka. Akaangalia mto. Akaniangalia mimi. "Feri iko nenda, iko rudi," akasema. "Wewe nalia nini?"

Na kweli. Dakika arobaini baadaye feri ikarudi. Jambo hili sikulitarajia. Meli za kwenye simu huondoka na zikiondoka zimeondoka. Nahodha Sule akateremka ngazi mbiombio akiuliza kipande chake kiko wapi.

Akakimaliza. Sasa anaondoka tena. Desturi ni desturi! Nikatoa gurusa ya pili. Akauma, si kidogo. Akarudi, akamaliza. Ya tatu, akauliza kama kwetu huwa hakuna mchuzi.

Sharifah alikuwa ananitazama muda wote. Akafungua mfuko wao wa chakula cha mchana, akatoa kuku wa kukaanga, akapanda ngazi mbele yangu. Akamwambia nahodha kwamba desturi ya Koboko ni hiyo hiyo, ila Koboko wanaaga kwa kuku. Uongo mtupu! Bibi zetu walilelewa nyumba moja na hakuna kuku aliyewahi kuwekwa juu ya kabati. Nikatoa gurusa mbili kwa mpigo. Akatoa paja. Nahodha Sule akasema alikuwa hajui kwamba Wanubi wanapendana hivi.

Safari ya nne alirudi akitembea kama anabeba kitu. Safari ya tano alirudi saa saba, akasema anajinyoosha dakika tano, akalala chali kwenye kivuli cha kibanda cha tiketi, kofia usoni. Mkoromo wake ulisikika mpaka majini.

Saa nane ikafika. Saa ya honi. Feri ilikuwa imejaa: lori la ng'ombe, pikipiki tisa, na kwaya nzima yenye majoho ya zambarau iliyokuwa inawahi harusi ng'ambo. Msaidizi wa nahodha akasema yeye haruhusiwi kugusa injini peke yake. Walimtikisa Sule. Walimwita. Akatabasamu usingizini na kusema aletewe paja. Ng'ombe wakaanza kulia. Kiongozi wa kwaya, mzee mkali, akauliza nani amemlisha mtu huyu. Sharifah akaninyooshea kidole. Mimi nikawanyooshea mifupa ya kuku. Watu wakaanza kupiga kelele kwamba walete mitumbwi, walete polisi, walete fimbo. Mtu mmoja akasema angejua angetembea kwa miguu.

Ndipo Ritah, katibu wangu, ambaye hasemi mbele ya watu hata akiumwa jino, akapanda juu ya kreti la soda. Akasema kwamba zamani palikuwa na mzee aliyefanya hivyo hivyo. Akawasimulia Farajallah. Viatu vya ofisa. Shoka. Mafunjo. Meli imenasa, mzee anapita zake. Ritah hana mbwembwe, anasimulia kama anayesoma orodha ya wanafunzi, na hilo ndilo lililowavunja mbavu. Alipofika kwenye chai, na mzee kuwauliza wenye meli "mlikuwa wapi?", mama muuza samaki alikaa chini kabisa. Kwaya ilicheka kwa sauti nne. Kiongozi wao akasema babu yake naye alikata kuni kwa ajili ya meli, na mwingine akasema wake pia, na dereva wa lori akasema wa kwake aliziiba hizo kuni.

Mwalimu Alionzi akafuta macho. Akasema hiyo ndiyo historia aliyotaka. Akauliza mzee huyo ni wa nani. Ritah, kwa kuwa hawezi kufanya vinginevyo, akasema ni wa Madinah na Sharifah.

Ningeweza kupiga hatua mbele wakati ule. Mzee ni wangu! Lakini katika mkono wa kulia Mwalimu alishika karatasi yangu, ambamo Farajallah ni Nahodha, Simba wa Mto. Katika mkono wa kushoto alishika ya Sharifah, ambamo ni Amiri. Akaitazama moja. Akaitazama nyingine. Akatutazama sisi. Akazikunja zote mbili taratibu, akazitia mfukoni.

Akasema Ritah apande akavute honi, na kwamba hata hivyo nahodha lazima aamshwe.

Sikujua kwamba honi husikika kwenye meno. Ndege wote waliinuka kutoka ng'ambo. Nahodha Sule alisimama kabla hajafumbua macho, akapiga saluti upande usio na mtu. Watu wakashangilia. Mimi na Sharifah tulikuwa tumesimama bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe hatukusukumana.

Feri ikaondoka. Nililia. Machozi hayo hayakuwa ya mazoezi.

Jumapili, 22 Juni

Nimelala vizuri na sasa naona mambo kwa uwazi.

Honi iliyopigwa ili kumwamsha mtu si honi ya kuondoka. Ni kengele. Kila baharia anajua hilo. Kwa hiyo honi ya kuondoka haikupigwa jana, shindano halijakamilika, na zawadi bado iko wazi. Nimemweleza Ritah hoja hii baada ya yeye kutoka kanisani. Akafikiri kwa haki, kama kawaida yake. Akasema hajui, ila ilimfurahisha sana, na angependa siku nyingine tuivute pamoja. Nikasema mwenyekiti na katibu hawashiki kamba moja. Akasema sawa. Kisha akasema kamba imemwachia alama mkononi, nikaomba niushike nione. Alama ilikuwepo kweli.

Haboba alicheka mpaka akashika ukuta. Aliuliza zilibaki gurusa ngapi. Nikasema hakuna. Akasema kwa hiyo mimi sikula kitu siku nzima. Sikuwa nimelifikiria.

Anti Jamilah ndiye aliyenishangaza. Aliniuliza feri ikoje. Nikamweleza mlango, injini, kijumba, namna maji yanavyosukumwa nyuma. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, katika hicho chuo cha mabaharia mtu husoma miaka mingapi.

Miaka mitatu, nikasema. Sijui kama ni kweli. Nitatafuta kwenye simu kesho, juu ya Arua Hill. Lakini aliuliza! Mipango yangu inafanya kazi.

Jumanne, 24 Juni

Jana nilimpelekea Mwalimu hoja ya kengele, kurasa mbili. Akasema nikae chini.

Leo umekuja ujumbe wa sauti wa Sharifah, na hauna sukari. Anasema ameonewa. Anasema sote tumeonewa. Anasema upande wa chini wa mto kuna feri nyingine, kubwa zaidi, na nahodha wake hajui kabisa sisi ni nani. Anapendekeza vyama viungane kwa muda. Kuhusu babu, anasema nahodha na amiri wanaweza kuwa mtu mmoja katika miaka tofauti, na akitazama vizuri hakuna kinachomzuia kuwa pia ndiye aliyezijenga meli zenyewe. Nimemjibu kwamba naafiki, isipokuwa zile dhoruba zangu mbili zibaki.

Ritah hatujamwambia. Ana mambo mengi siku hizi, watu wanamsimamisha sokoni awasimulie mzee.

Barua kwa nahodha huyo nimeimaliza sasa hivi, na dereva wa gari la mtoni anaingoja nje na injini inawaka. Nainakili hapa ili ibaki kwenye kumbukumbu.

"Mheshimiwa Nahodha, salaam nyingi kutoka Arua na Koboko. Sisi ni wapenzi wa meli, kumi na wawili, wajukuu wa mtu mkubwa sana wa mto huu. Tutafika Jumamosi moja kuiaga feri yako kwa heshima zote. Dereva ameambiwa asiondoke hapo bila jibu lako, hivyo tafadhali mwandikie hapo hapo: je, unapenda zaidi kuku au samaki, na ni sahani ngapi unaweza kula bila kusinzia?"